Ukumbi wa mahakama ya zamani ya Monroeville: anzeni roshanini

Anayekwenda Monroeville, Alabama, pamoja na watoto, awapandishe ngazi hadi roshanini kabla hawajakanyaga sakafu ya ukumbi. Hilo ndilo jibu letu la kwanza kwa kila anayeuliza kama mahakama ya zamani ya kaunti ya Monroe inafaa kufungiwa safari. Inafaa, tena sana, ila faida yake hutegemea mtu ameanzia wapi. Wageni wengi huingilia chini, wakapiga picha kwenye kiti cha jaji, wakajaribu kiti cha shahidi, kisha wakapanda juu dakika tano za mwisho na kuondoka wakisifia jengo zuri la matofali. Watoto wao wanakuwa wameona samani tu. Roshanini ndiko walikoketishwa watu Weusi enzi za ubaguzi wa kisheria, na ukumbi huu haueleweki mpaka mtu ameutazama kutokea kule.

Jengo ni la 1903. Kesi ziliendeshwa humo mpaka 1963, mahakama mpya ilipojengwa jirani yake, na sasa ni makumbusho. Ukumbi wenyewe una umbo la yai, na ukingo wa roshani unafuata mkunjo huohuo. Waliowahi kuona filamu ya 1962 ya To Kill a Mockingbird huwa na hakika kwamba ilipigwa humu. Haikupigwa humu. Mafundi wa filamu walikuja kupiga picha na kuchukua vipimo, wakarudi California kujenga ukumbi unaofanana nao studioni. Waambieni watoto mapema, maana aliyekuja kutafuta filamu huacha kuutazama ukumbi.

Sababu ya watu kufunga safari mpaka mji huu mdogo ni riwaya moja, To Kill a Mockingbird, aliyoitoa Harper Lee mwaka 1960. Alizaliwa hapa mwaka 1926, na baba yake, Amasa Coleman Lee, alikuwa wakili aliyesimama katika ukumbi huu. Ndani ya riwaya, watoto wa wakili wanakuta chini kumejaa, na mchungaji wa kanisa la Weusi anawachukua wakae naye roshanini. Hivyo kesi nzima ya Tom Robinson, mtu Mweusi anayesingiziwa kumbaka mwanamke Mzungu, inaonwa na watoto Wazungu kutokea kwenye viti ambavyo havikuwekwa kwa ajili yao. Hicho ndicho kisa, na kinatosha. Makala hii inahusu ukumbi na jinsi ya kuutumia.

Roshanini, waketisheni watoto safu ya mbele, mikono ikiwa juu ya ukingo, na msiwaeleze chochote kwa dakika kumi. Mpeni kila mmoja karatasi na penseli achore ukumbi kama anavyouona kutoka juu: meza ya jaji, kiti cha shahidi, meza ya mwendesha mashtaka, meza ya utetezi, viti vya wazee wa baraza (raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia), mabenchi ya umma, milango. Baada ya hapo waulizeni maswali matatu. Ukikaa hapa unaona uso wa nani, na unaona kisogo cha nani? Mtu akisema kwa sauti ya chini pale mbele, nani anamsikia? Hukumu ikisomwa na watu wakakasirika, nani anaufikia mlango wa kwanza? Watoto wa miaka kumi na kuendelea hujibu vizuri kuliko wazazi wao, kwa sababu hawaanzi na sheria, wanaanza na mahali. Mtoto akishaona kwamba ndugu wa mshtakiwa hawakuruhusiwa kukaa mahali ambapo angegeuka tu akawaona, amepata jambo ambalo ukurasa mzima wa maelezo haungempa.

Wakiteremka, wapelekeni moja kwa moja kwenye viti vya wazee wa baraza. Ni watu 12, na lazima wakubaliane wote. Ndio wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia. Jaji huongoza shauri na kuwaeleza sheria. Katika Alabama ya miaka ya 1930, kwa makosa yenye adhabu ya kifo, haohao ndio waliopanga na adhabu. Viti hivi ndivyo vyenye somo kubwa kuliko yote ukumbini, na ndivyo vinavyopitwa haraka kuliko vyote.

Mtoto atauliza kwa nini hakuna Mtu Mweusi hata mmoja aliyekaa hapo. Msimjibu kwamba sheria ilikataza. Jibu hilo si kweli, na linamwondolea mtoto jambo la maana zaidi. Mahakama Kuu ya Marekani ilishasema mwaka 1880 kwamba jimbo haliwezi kutunga sheria ya kuwazuia Weusi kuwa wazee wa baraza. Kilichofanyika baada ya hapo kilipita kwenye orodha. Katika kila kaunti palikuwa na tume iliyoandaa daftari la majina. Sheria ya Alabama ilitaka wanaume wa miaka 21 hadi 65 wanaosifika kwa uaminifu, akili, tabia njema na uamuzi wa busara. Nani anajua kama fulani anasifika? Tume. Hapakuwa na mtihani wala kipimo, na wala hapakuhitajika kuandika neno lolote kuhusu rangi. Jina lisipoingia daftarini halitachaguliwa, na lisipochaguliwa mwenyewe hawezi kukaa kwenye kiti. Wajumbe wa tume walipoulizwa mahakamani, walijibu kwa utulivu kwamba hawakumbagua mtu, ila hawakuwa wamemfikiria Mweusi yeyote mwenye sifa hizo.

Namna jambo hilo lilivyofichuliwa ni kisa ambacho watoto hawakisahau, kwa sababu kina daftari, mstari mwekundu na kioo cha kukuzia. Katika kesi ya Norris dhidi ya Alabama, ambamo mshtakiwa Mweusi alipinga hukumu yake, wakili wake Samuel Leibowitz alieleza kwamba kaunti ya Jackson, kaskazini mwa jimbo, haikuwa na Mweusi kwenye mabaraza yake kwa kadiri wazee walivyoweza kukumbuka. Jimbo likaleta daftari lenye majina ya Weusi wachache, kila jina likiwa mwishoni mwa orodha ya sehemu yake. Kumbe karani alikuwa amepiga mistari myekundu kufunga orodha zile, na mtaalamu wa miandiko akaonyesha kwamba wino wa majina ulipita juu ya wino mwekundu. Maana yake majina yaliandikwa baada ya orodha kufungwa. Daftari lilipofika Washington, majaji wa Mahakama Kuu walilitazama wenyewe kwa kioo cha kukuzia, na tarehe 1 Aprili 1935 wakatengua hukumu. Mnaweza kuonyesha jambo hili palepale kwenye benchi: pigeni mstari mwekundu kwa kalamu, subirini ukauke, andikeni jina juu yake kwa wino mweusi, kisha fanyeni kinyume chake kwenye karatasi nyingine. Mtoto mwenye kioo kizuri huona tofauti bila kuambiwa.

Wanawake nao hawakuwemo, wawe Weusi au Wazungu. Alabama iliwazuia kisheria mpaka mahakama ya shirikisho ilipolibatilisha katazo hilo mwaka 1966. Binti akiuliza kama mama yake angekaa pale mwaka 1935, jibu ni hapana, hata kama mama huyo angekuwa Mzungu.

Zoezi la pili ni la ushahidi, nalo linahitaji watoto wawili na nafasi ya hatua mbili mbele ya kiti cha shahidi. Katika riwaya, mwanamke anayedai kubakwa alivimba upande wa kulia wa uso, na mshtakiwa ana mkono wa kushoto uliokufa tangu uliponaswa na mashine ya pamba utotoni. Wasimamisheni watoto wakitazamana. Mmoja anyooshe kiganja polepole kuelekea jicho la kulia la mwenzake, na asimame kabla hajamgusa. Mkono unaofika kwa urahisi ni wa kushoto. Mpaka hapo kila mtu anafurahi, na hapo ndipo waongozaji wengi wanapokosea kwa kuliacha zoezi. Mtoto mwerevu atasema: lakini mkono wa kulia unaweza kumfikia kwa kofi la nyuma. Ni kweli kabisa, na msimzime. Mwambieni arudi kwenye ushahidi wa sherifu wa kaunti, yaani ofisa wa usalama, aliyesema kwamba shingo ilikuwa na alama za vidole kuizunguka yote. Sasa mwambieni akunje mkono mmoja nyuma ya mgongo na aizungushie mkono uliobaki chupa nene ya maji. Vidole havikutani. Kofi la nyuma linaweza kuujibu uvimbe wa jicho, lakini haliijibu shingo. Zoezi likifika hapo, mtoto anaielewa kesi kama wakili anavyoielewa: hoja moja ina tundu, hoja mbili pamoja hazina. Na hukumu ya hatia inapotoka hata hivyo, haiwezi kumwingia akilini kama jambo lililotokana na ushahidi. Anabaki na swali moja tu, kwamba basi ilitokana na nini, na viti 12 alivyokwisha vikagua viko palepale ubavuni mwake.

Sasa igizo. Tangu 1990, wenyeji wa kaunti hii wamekuwa wakiigiza riwaya hiyo kila majira ya kuchipua. Ni watu wa kujitolea, si waigizaji wa kulipwa, na baadhi yao wamerudia nafasi zao miaka mingi. Kundi lilikwenda kuigiza hadi Israel mwaka 1996 na Uingereza mwaka 1998. Sehemu ya kwanza huchezwa nje, uwanjani kwa mahakama, na sehemu ya pili huhamia ndani ya ukumbi kwa ajili ya kesi. Wakati wa mapumziko huchaguliwa wanaume 12 miongoni mwa watazamaji wakakae kwenye viti vya wazee wa baraza, na kwa desturi huwa ni Wazungu, kama ilivyokuwa mwaka 1935, mwaka wa kesi ya riwayani.

Kwa familia ya Kiafrika jambo hili linahitaji maandalizi, na tunashangaa jinsi linavyotajwa kidogo. Baba hataitwa. Mtoto atawaona wanaume wengine wakiitwa mmojammoja, na kama hakuambiwa kabla, ataona baba yake amerukwa mbele ya watu. Mwelezeni siku moja kabla, kwa maneno mepesi: wataita Wazungu pekee kwa sababu ndivyo ilivyofanyika, nasi tunakwenda kuona ilivyofanyika. Tunaamini igizo linafanya vizuri kutolificha hilo. Baraza lililochanganywa lingependeza macho na kuharibu ukweli wote wa sehemu ya pili.

Jambo la pili kuhusu baraza hilo la watazamaji: halina mamlaka. Hukumu imeshaandikwa kwenye mchezo, na waliokaa pale wanatoka, wanarudi, na mshtakiwa anatiwa hatiani hata kama wote 12 waliamini hana kosa. Watu wengine huona huo ni udhaifu wa igizo. Sisi tunaona ndiyo nguvu yake. Mwulizeni mtoto mkiwa njiani kurudi: kama mmoja wao angekataa, ingekuwaje? Kisheria, mmoja akikataa baraza linashindwa kukubaliana na kesi inaanza upya mbele ya watu wengine 12 kutoka daftari lilelile. Jibu hilo linamrudisha mtoto kwenye orodha, mahali ambapo kosa lilianzia.

Kuhusu ubora wa onyesho lenyewe, sehemu ya nje ni nyepesi na ya kupendeza, na inavuta muda kwa watoto wasioifahamu riwaya. Sehemu ya ndani ni nzito na nzuri kweli. Mshtakiwa anapotoa ushahidi wake akiwa hatua chache tu kutoka kwa mtazamaji, hakuna jukwaa la kuwatenganisha, na ndiyo maana wenye kukaa ukumbini hutulia namna ile. Tikiti huisha mapema, na kwa kuwa mchezo hutegemea haki za uigizaji, thibitisheni ratiba ya mwaka husika kabla ya kulipia usafiri. Vaeni kwa ajili ya sehemu mbili tofauti, jioni ya nje na ukumbi wenye watu wengi. Na mjue kwamba tusi la rangi linatamkwa waziwazi mchezoni. Mtoto alisikie kwanza kwa mzazi wake, pamoja na maana yake na historia yake, asije akalisikia mara ya kwanza likitoka kinywani mwa mtu aliyesimama mita tatu mbele yake huku ukumbi mzima ukiwa kimya.

Kasoro kubwa ya safari hii ni kwamba mtu anaweza kuimaliza yote akiamini kwamba dhuluma yenyewe ilikuwa ya kubuni. Riwaya ni hadithi, igizo limetokana na riwaya, na chumba kitupu hakiwezi kutaja majina. Kwa hiyo majina mje nayo.

La kwanza ni la Walter Lett. Alikuwa Mmarekani Mweusi aliyeshtakiwa kumbaka mwanamke Mzungu karibu na Monroeville mwishoni mwa 1933. Alikana. Alihukumiwa kifo katika kaunti hii mwaka 1934, wakati Harper Lee akiwa bado hajatimiza miaka minane na baba yake akiwa mhariri wa gazeti la mji lililoandika habari za kesi hiyo. Wapo raia waliomwandikia gavana, Benjamin Meek Miller, wakionyesha shaka juu ya hatia yake. Gavana aliahirisha kuuawa kwake, kisha mwaka huohuo akabadilisha adhabu kuwa kifungo cha maisha. Nafuu hiyo ilichelewa. Lett alikuwa ameshakaa akingoja kufa huku akisikia wenzake wakipelekwa kuuawa, akili yake ikavurugika, akahamishiwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na huko akafa kwa kifua kikuu mwaka 1937. Hakuna mtu aliyempiga risasi na hakuna kundi lililovunja jela. Palikuwa na jaji, wakili, kiapo na muhuri. Tunasisitiza hili kwa sababu watoto huja wakidhani dhuluma ya mahakamani ni pale sheria inapovunjwa, na kesi ya Lett inaonyesha mtu aliyeangamizwa na utaratibu uliofuatwa hatua kwa hatua.

La pili linamhusu baba yake Lee mwenyewe. Mwaka 1919, akiwa wakili mchanga, alipewa kuwatetea baba na mwanawe, Weusi wote wawili, walioshtakiwa kumuua mwenye duka Mzungu. Walinyongwa. Hakushika tena kesi ya jinai. Wakili wa kwenye riwaya, mtu asiyetetereka, amejengwa juu ya mtu halisi aliyeshindwa mara moja akaacha, na mtoto aliyekwisha kumpenda yule wa hadithi anastahili kujua hili.

La tatu linauma zaidi kwa ukaribu wake. Walter McMillian, mkata mbao Mweusi wa kaunti hii, alikamatwa mwaka 1987 kwa mauaji ya msichana Mzungu katika duka la dobi mjini Monroeville, mauaji ya Novemba 1986. Wakati wa mauaji alikuwa nyumbani kwake, ambako watu wa kanisa walikuwa wakiuza samaki wa kukaanga kuchangisha fedha, na wengi wao walikuja kusema hivyo mahakamani. Aliwekwa kwenye jela ya wanaongojea kuuawa kabla hata kesi haijaanza. Kesi ikahamishwa kutoka hapa, mahali penye Wamarekani Weusi wengi, hadi kaunti ya Baldwin, ambako ni wachache. Barazani wakakaa Wazungu 11 na Mweusi mmoja. Ilichukua siku moja na nusu. Baraza lilipendekeza kifungo cha maisha, na jaji Robert E. Lee Key akalipuuza pendekezo hilo akamhukumu kifo, jambo ambalo sheria ya Alabama iliwaruhusu majaji kulifanya mpaka 2017. Wakili Bryan Stevenson alithibitisha kwamba shahidi mkuu alikuwa amesema uongo kwa shinikizo, na McMillian aliachiwa mwaka 1993. Mji uleule uliokuwa ukiigiza kila mwaka kisa cha Mweusi aliyehukumiwa bila kosa ulikuwa na mtu wake Mweusi, asiye na kosa, aliyekuwa akingoja kufa. Igizo lilianza 1990. Waandikieni watoto miaka hiyo kwenye mstari mmoja, nao wataona wenyewe bila maelezo.

Na kwa anayetaka kujua kama Lett alikuwa bahati mbaya ya mtu mmoja: kumbukumbu za Marekani kuanzia 1930 zina watu 455 waliouawa kwa hukumu ya kubaka, na 405 kati yao walikuwa Weusi. Adhabu ya kifo kwa kosa la kumbaka mtu mzima ilikomeshwa na Mahakama Kuu mwaka 1977.

Kuna maswali ambayo Monroeville haiyajibu vizuri. Kubwa ni lile la mtoto anayeuliza, je, kama mshtakiwa mwenyewe ni mtoto? Hapo ukumbi huu unapwaya, maana watoto wake ni watazamaji. Swali hilo lina mahali pake kaskazini, mji wa Scottsboro, ambako kuna makumbusho ya wavulana tisa Weusi walioshushwa kwenye treni ya mizigo huko Paint Rock tarehe 25 Machi 1931 na kusingiziwa kuwabaka wanawake wawili Wazungu. Siku 12 baadaye kesi zilianza, na kabla ya wiki kwisha wanane walikuwa wamehukumiwa kifo. Wa tisa, Roy Wright, alikuwa na umri wa miaka 13 hivi. Upande wa mashtaka wenyewe uliomba afungwe maisha kwa sababu ya utoto wake, baraza likashindwa kukubaliana kwa kuwa 11 walitaka auawe. Alikaa jela bila hukumu mpaka 1937, mashtaka yalipofutwa. Mmoja wa wale wanawake, Ruby Bates, alikuwa ameshakana madai yake mbele ya mahakama mwaka 1933. Watatu wa mwisho waliokuwa bado na hukumu walisamehewa na jimbo mwaka 2013, wote wakiwa wameshafariki. Norris wa lile daftari lenye mstari mwekundu alikuwa mmoja wa hao tisa. Anayeweza kufika mji mmoja tu, na ana kijana wa miaka 13 au zaidi, tungemshauri Scottsboro kabla ya Monroeville.

Montgomery iko kilomita kama 160 kutoka Monroeville, na inaunganika vizuri na safari hii. Kumbukumbu ya Kitaifa ya Amani na Haki, iliyofunguliwa 2018, ina nguzo za chuma zaidi ya 800, kila moja ikiwa ya kaunti ambayo watu Weusi waliuawa na makundi ya raia. Itafuteni ya kaunti ya Monroe. Mtoto akiuliza mauaji ya makundi yanahusianaje na mahakama, mkumbusheni swali la mlango aliloulizwa roshanini. Wazee 12 walijua watakaotoka nao mlangoni ni nani, na wakili alijua, na jaji alijua.

Kuhusu umri: chini ya miaka kumi, ukumbi mtupu unatosha, kwa zoezi la kuchora na la viti, na shtaka lisemwe kuwa ni la kumdhuru mwanamke. Miaka 10 hadi 12, ongezeni zoezi la ushahidi na kisa cha daftari, na mzazi aamue mwenyewe kuhusu igizo. Kigezo chetu ni kama mtoto ameshaelezwa ubakaji ni nini. Kuanzia 13, kesi ya Lett na ya McMillian zisikosekane. Kwa kikundi cha shule, gawanyeni watoto nusu juu, nusu chini, kisha wabadilishane bila kusimuliana walichoona, mpaka kila mmoja awe na michoro miwili. Tengeni saa moja na nusu kwa ukumbi pekee, na muulize mapema kuhusu ngazi kama yupo asiyeweza kupanda, kwa sababu ziara bila roshani ni nusu ya ziara. Maonyesho ya vyumba vya pembeni, ya Lee na ya mwandishi Truman Capote, aliyekuwa jirani yake utotoni, ni mazuri kwa wapenzi wa fasihi na yanaweza kuachwa na aliyekuja kwa ajili ya kesi. Duka la zawadi liwe la mwisho kabisa, baada ya michoro kukusanywa.